Nilikubaliana na mmoja, wakawa wawili. Nikishitaki, nani atanisikia?

Kamwene mama, na shikamoo.

Nina miaka 26, naishi Mafinga, mkoani Iringa. Nina mtoto wa kiume, yuko darasa la kwanza, analelewa na mama yangu kijijini. Mchana nahudumia baa. Mshahara ni elfu themanini, na chupa ikivunjika inakatwa humohumo. Nisikuzungushe: usiku naenda na wateja. Wengi ni wanunuzi wa mbao na madereva, maana huku lori linaweza kukaa siku kadhaa likisubiri mzigo au kibali, na dereva naye anakaa.

Jumamosi ya wiki juzi nilikuwa na mteja ninayemjua kwa sura, si mara yake ya kwanza. Tukaelewana elfu thelathini mpaka asubuhi. Elfu kumi alinitangulizia kwa M-Pesa. Tukaenda gesti moja iliyo nyuma ya yadi za mbao, akajiandikisha mwenyewe kwenye kitabu, mimi nikaandikwa "na mke". Kama saa sita usiku mlango ukagongwa, akainuka kufungua bila hata kuuliza nani. Akaingia mwenzake. Nikasema hapana, watu wawili sikukubali, nikasema na hela nitarudisha. Wakafunga mlango, yule wa kwanza akanishika mikono. Yaliyofuata siandiki. Mwenzake hakutumia kinga. Kulipokucha walishaondoka, na simu yangu wamekwenda nayo.

Jumapili nilishinda nimejifunika. Jumatatu rafiki yangu, tumwite dada S, akaniburuta hospitali. Nesi alikuwa mtu mwema, akanipima, akanipa vidonge vya siku 28. Akaniambia nikachukue fomu ya PF3 polisi. Hapo ndipo nimekwama.

Kuna askari anatujua. Wakifanya msako anatupandisha kwenye gari, tunatoa elfu ishirini ishirini, tunashushwa kabla ya kituo. Mwaka jana mwenzetu hakuwa na hela, akaambiwa alipe "kwa njia anayoijua". Leo niende kaunta hiyohiyo niseme nimebakwa? Watacheka. Changudoa anabakwaje? Na mimi mwenyewe usiku najiambia hivyohivyo. Nilikwenda kwa miguu yangu, nimejitakia.

Dada S anasema nikaseme nilivamiwa njiani nikitoka kazini, nisitaje gesti wala hela, ndipo watanisikiliza.

Halafu juzi meneja wa gesti kaja baa. Yule mtu amejua kwamba nilikwenda hospitali, sijui kwa mdomo wa nani. Amemwachia meneja laki tano, anataka tuyamalize, niandike karatasi kwamba hatuna ugomvi. Laki tano, mama. Kwa mama yangu paa linavuja tangu masika. Na kuna mwenzangu ananiita Tunduma, anasema mpakani hela ipo na hakuna anayenijua.

Mama yangu ni mtu wa kanisa, anafundisha watoto Jumapili. Anajua ninauza bia tu. Jina langu likisomwa mahakamani atakufa.

Nifanyeje? Na jambo dogo: vidonge vinanitapisha, nimeruka viwili. Nikirudi hospitali ni lazima niseme kazi yangu?

Niliyekwama, Mafinga
(Jina limehifadhiwa, na baadhi ya maelezo yamebadilishwa ili asitambulike.)

MSHAURI ANAJIBU

Kamwene mwanangu, na marahaba.

La vidonge nilikujibu siku ileile kwa namba uliyoiacha, na nimefurahi kusikia umerudi hospitali. Nalirudia hapa kwa ajili ya wasomaji. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio, zile wanazoziita PEP, lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi ni faida. Zinamezwa siku 28 mfululizo. Kichefuchefu ni cha kawaida na kina tiba, kwa hiyo ukishindwa kumeza unarudi kwa aliyekupa, huachi kimyakimya. Halafu unapima wiki 6 tangu tukio na tena miezi 3 tangu tukio. Sisemi haya kukutisha. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022-2023 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wazima wanaoishi na virusi, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Kwetu huku dozi hairukwi. Na huyo dada S aliyekuburuta Jumatatu, ukiwa bado ndani ya muda, mshukuru, hata kama kwenye ushauri wake wa pili sitakubaliana naye.

Sasa nikusome kama nilivyokuelewa. Umeuliza ufanye nini, lakini ndani ya swali hilo naona mengine matatu: je, lililotokea lina jina kisheria, kwa mtu wa kazi yako? Je, kuna atakayekuamini? Na je, laki tano hazitoshi kulizika?

Nianze na neno "nimejitakia", kwa sababu hilo ndilo linalokunyima usingizi. Ulikubali nini? Ulikubali mtu mmoja, kwa bei mliyoelewana, kwa kinga. Mlango ulipofunguliwa ukasema hapana, tena ukataka kurudisha hela. Hapo Mafinga mtu akinunua mbao kumi hapewi ruhusa ya kuingia msitu wa Sao Hill na shoka. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, baada ya mabadiliko yaliyoletwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, inaangalia ridhaa: ilikuwepo au haikuwepo, na kama ilikuwepo, ilipatikana kwa hiari au kwa nguvu na vitisho. Haiulizi mwanamke anakula kwa kazi gani. Haidai hata uonyeshe majeraha kuthibitisha kwamba ulipambana. Na kwa watu zaidi ya mmoja ina kifungu chake, ubakaji wa kundi, ambacho adhabu yake ni kifungo cha maisha, kwa aliyetenda na kwa aliyesaidia. Aliyekushika mikono naye yumo. Huenda wewe hukulijua hilo. Nahisi mwenye laki tano analijua.

Na kazi yako je, si kosa? Nisikudanganye. Sheria hiyohiyo inamtaja anayezurura au kutafuta wateja hadharani kwa ajili ya ukahaba, inamtaja mwenye danguro, na anayeishi kwa kipato cha ukahaba wa mwingine. Kwa hiyo hofu yako ya kaunta haikutoka hewani. Lakini pima uzito. La kuzurura ni kosa dogo, na la kule chumbani ni jinai miongoni mwa kubwa kabisa tulizonazo. Dogo halifuti kubwa. Askari akikuambia linafuta, anasema ya kwake, haisemi sheria.

Nije kwenye shauri la dada S, kwamba ubadilishe habari, useme ulivamiwa njiani. Naelewa linatoka wapi. Anataka usikilizwe kama "mwanamke wa maana". Lakini hebu tazama kilichobaki nyuma yako. Pale gesti kuna kitabu cha wageni: jina, anakotoka, anakokwenda, kazi, namba ya chumba, na pembeni "na mke". Kwenye mtandao wa simu kuna muamala wa elfu kumi wenye jina lake kamili, kwa laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole. Simu umeibiwa, ndiyo, ila muamala haukuibiwa. Ukirudisha laini yako, nenda na kitambulisho chako dukani kwa mtandao wako uombe taarifa ya miamala ya siku ile. Vitu hivi viwili vinaweza kumweka mtu huyo chumba kile, usiku ule. Ukisema ulivamiwa njiani, ushahidi wako bora unageuka kuwa wa kwake. Wakili wake atasimama na kitabu kilekile akuulize: ni njia gani hiyo yenye namba ya chumba? Tena Mahakama ya Rufani imekwishasema mara nyingi kwamba ushahidi bora katika makosa haya hutoka kwa aliyetendewa mwenyewe, na mahakama ikimwamini inaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno yake peke yake. Neno la msingi hapo ni akiaminiwa. Mimi naona ukweli wako, pamoja na elfu thelathini zake, una nguvu kuliko hadithi safi. Aibu yake ni nzito, sikatai, na wewe ndiye utakayeibeba, si mimi niliyekaa hapa naandika.

Basi ukitaka kushitaki, njia ikoje? Si lazima uanzie kwenye kaunta unayoiogopa, usiku, peke yako. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda mchana, uliza dawati hilo, omba kuongea na askari wa kike. Kama kituo hicho kina yule mtu wenu, jaribu kingine, au omba kumwona mkuu wa polisi wa wilaya. Usiende bila mtu. Kabla ya hapo pita kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri umuulize wasaidizi wa kisheria walipo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na huduma yao hulipii. Katika baadhi ya hospitali kuna pia vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanakukuta mahali pamoja, kwa hiyo husimulii jambo moja mara nne. Muulize nesi wako kilicho karibu. Maelezo yako yakishaandikwa, omba usomewe kabla ya kusaini. Ondoka na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni, na hiyo PF3. Kesi ni ya Jamhuri, wewe ni shahidi, kwa hiyo hutafuti hela ya wakili.

Hatari zake nazo ni hizi. Umeshachelewa, na mahakama huuliza kwa nini mtu hakumtaja mtuhumiwa mapema. Kuchelewa kwenye maelezo ya kueleweka husikilizwa, na wewe unayo: hofu ya kituo, na rekodi ya hospitali inayoonyesha Jumatatu ulikuwa wapi. Lakini kila wiki inayopita inapunguza. Ukurasa wa kitabu unaweza kuchanika. Kesi inaweza kukokotwa, ukaitwa mara na mara, ukapoteza siku za kazi, ukaulizwa maswali ya kukuvua nguo mbele ya hakimu. Na inaweza isifike unakotaka. Wanawake wengine wameingia humo wakatoka wamechoka kuliko walivyoingia. Ukiamua kutoingia, sitakuona mwoga.

Laki tano. Hizo ni zaidi ya mishahara yako sita, na paa linavuja, kwa hiyo sikushangai kuziwaza. Ila ujue zina nini ndani. Kosa la kubaka si la kuyamaliza nyumbani. Na Kanuni ya Adhabu inasema kwamba anayepokea kitu kwa makubaliano ya kuficha jinai kubwa, au ya kuacha kuishitaki, naye anatenda kosa. Yaani karatasi ile inaweza kukugeuza wewe kuwa mshitakiwa. Na kesho ukibadili nia, ndiyo itakayotolewa mfukoni: tazameni, alikuwa anatafuta hela. Hata ukiziacha sheria pembeni, jiulize huyu meneja anapata nini hapo katikati, na nani alimpelekea habari zako za hospitali. Kisheria fidia ipo, kwani mahakama ikimtia mtu hatiani kwa kubaka inaweza kumwamuru amlipe aliyetendewa. Haiji haraka kama ya meneja, hilo nakiri.

Kuna njia ya katikati ambayo hukuitaja: kutoamua leo, lakini kutopoteza kitu. Andika kwenye daftari, kwa mkono wako, tarehe, saa, namba ya chumba, mavazi yao, gari kama uliliona, maneno aliyosema meneja na siku aliyoyasema. Chukua ile taarifa ya miamala. Maliza dozi, tunza kadi ya kliniki. Ongea na msaidizi wa kisheria kwanza, bila kufungua chochote. Meneja akikurudia, huna deni la jibu kwake, wala huna sababu ya kukutana naye ukiwa peke yako. Hatari ya njia hii ni moja tu, lakini kubwa: ni tamu, mtu huweza kukaa ndani yake mpaka daftari liote vumbi.

Tunduma je? Mpakani hela ipo, kweli. Na wanaume wanaotafuta msichana asiye na mtu wa kumuulizia nao wapo. Mafinga una dada S, una nesi anayekujua, una baa ambayo usipotokea watashangaa. Ukihama, hama kwa sababu unataka kuhama, na uombe barua ya kuhamisha kliniki. Popote utakapokuwa, wekeaneni utaratibu wewe na wenzako: kabla ya kuingia gesti mmoja ajue jina la gesti, namba ya chumba na namba ya simu ya mteja, na awe na saa ya kukupigia. Sijui kama hilo lingemzuia mtu wa usiku ule. Lingemfanya ajue kuna anayehesabu saa.

Kuhusu askari wa elfu ishirini, hilo ni jambo jingine kabisa, na mimi ningelitenganisha na la kwanza ili lisikupotezee mwelekeo. Mjue tu, wewe na wenzako. Anayekamatwa ana haki ya kuambiwa sababu na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Dhamana haiuzwi. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke. Kudai "njia anayoijua" kwa kutumia mamlaka ni rushwa ya ngono, kosa linalotajwa kwa jina kwenye sheria ya kupambana na rushwa ya 2007, na TAKUKURU hupigiwa bure kwa 113. Lakini mji ni mdogo na yeye anajua mnapolala. Mkiamua kulipeleka, lipelekeni kundi zima, kupitia kwa mwanasheria, asitangulizwe mmoja.

Mama yako sasa. Umesema atakufa. Kesi za makosa ya kujamiiana ushahidi wake husikilizwa faragha, na vyombo vya habari vimekatazwa kuuchapisha au kuwataja mashahidi. Kwa hiyo jina lako halisomwi redioni. Midomo ya mtaani ni jambo jingine, hiyo hakuna sheria inayoifunga. Lakini nikuulize kwa upole: una hakika kwamba mama hajui lolote? Mshahara wa elfu themanini unaolisha watu watatu, mama wa kijijini anaujua hesabu zake. Sikuambii ukamweleze. Nasema kuna mambo mawili hapa, kazi yako na kuumizwa kwako, na unaweza kumweleza moja bila jingine. Je, ukimwambia "mama, kuna watu waliniumiza", unadhani neno lake la kwanza litakuwa lipi? Wewe unamjua, mimi simjui.

Umeuliza kama ni lazima useme kazi yako hospitali. Si lazima. Mhudumu wa afya anatakiwa kukutunzia siri hata ukimwambia, na kumwambia yule nesi mwema kuna faida: atakupima na magonjwa mengine ya zinaa, ataangalia homa ya ini, na ukimaliza vidonge hivi anaweza kukueleza kuhusu PrEP, dawa ya kujikinga kabla. Mwambie chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Pale mapokezi, mbele ya foleni, wakikuuliza kazi jibu "mhudumu wa baa". Si uongo.